Maji ya Kulowekea Muhogo

Adelaïde alirudi kijijini kwao Itebero akiwa amebakiza mwaka mmoja amalize uhandisi wa kilimo na mazingira huko Goma. Memwari yake, utafiti wa kumalizia masomo, ilihusu namna ya kulainisha muhogo mchungu upesi. Kufika nyumbani, alikuta habari nyingine. Samaki walikuwa wameadimika kijitoni. Wanawake waliozoea kuziba maji na kuvua kwa vikapu walirudi na kaa wawili watatu. Lawama zote zilimwangukia Papa Akilimali, ambaye ujanani aliwahi kukamatwa akivua kwa utupa, ule mmea wa kulewesha samaki. Aliyemsema kwa sauti kuliko wote alikuwa mama yake Adelaïde.

Binti hakubishana. Alijaza besheni mbili: moja maji ya juu ya kijito, nyingine maji ya pale chini mama yake alipoloweka muhogo. Kila moja akatia visamaki vitano. Jua halijafika utosini, wale wa besheni ya pili walikuwa wanaelea matumbo juu. Kesho yake akarudia, akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea.

Siku mbili alizunguka na jambo hilo moyoni. Angeweza kuliandika kwa Kifaransa, likasomwa Goma, likaishia hukohuko. Siku ya tatu alimkuta mama akimenya muhogo, akakaa karibu yake.

"Mama, Papa Akilimali hakutia kitu mu maji. Ni muhogo yetu. Sumu yake inatoka, inaua samaki."

Kisu kilisimama. "Kumbe ni mimi njo naua samaki?"

"Ni sisi wote, Mama. Zamani manyumba ilikuwa kidogo, maji ilikuwa inabeba yote. Tangu watu walikimbilia huku, tuko wengi."

Mama alimenya mihogo mitatu mingine. Kisha akajifunga kitenge upya, akatoka. Adelaïde alimsindikiza kwa macho hadi mlangoni kwa Akilimali. Maneno yao hakuyasikia. Aliona tu mzee akitoa kiti, na mama akikataa kukaa kabla hajamaliza kusema.

Wiki ile walichimba shimo la kulowekea mlimani, mbali na kijito. La kwanza lilivuja lote. La pili walilikandika udongo wa kichuguu, likashika maji. Lakini maji yenyewe yalipanda mlima vichwani na migongoni mwa wanawake. Siku moja jirani yao, Mama Nadine, alitua bido yake ya maji akihema.

"Dada, mu masomo yako ulipima maji. Mugongo yetu, uliipima?"

Adelaïde alifungua daftari lake. Kweli, alikuwa amepima kina, siku na joto, wabebaji hakuwahesabu.

Ameomba miezi sita zaidi chuoni ili aimalizie kazi hii. Nusu ya wanawake wanatumia shimo, wengine bado wanaloweka kijitoni, na samaki hawajarudi kama zamani. Sasa anaunganisha mianzi iteremshe maji kutoka chemchemi ya juu hadi shimoni. Mfereji wa kwanza uliyamwaga yote njiani. Yeye na wanawake wanaufungua, wanaupanga upya.