Magurudumu Madogo Yaliyonifikisha Ukweni Mapema

Mjini Butembo wananijua kama mtu aliyejitengeneza mwenyewe, na sikatai. Lakini ukilitaja jina langu kule Vuhovi, watu wanaangalia kwanza barabarani kama kuna baiskeli inashuka, kisha ndipo wanacheka. Sikusingiziwa, jamani. Aibu ni yangu, na ninaisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wale wanaoongeza chumvi.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kampala, ambako nilikwenda na shati moja nikarudi na diploma ya uhasibu, saa ya mkononi, viatu vya ngozi na baiskeli ya mashindano, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo (Butembo nzima haikuwa na nyingine, hata mapadri walisimama kuitazama). Ubaya ni kwamba ulikuwa wakati wa vita, barabara hazikuwa na mtu wa kuzitengeneza, na tairi zangu nyembamba kama kidole zilikuwa zinazama kwenye tope nusu ya gurudumu. Tena askari wa barrière, vile vizuizi vya barabarani, wakiona baiskeli nzuri walikuwa wanaiomba, na ombi la mtu mwenye bunduki mnalijua.

Na nilikuwa na safari isiyongoja: kupeleka mbuzi wa mahari kwa kina Kavira, mchumba wangu, kule Vuhovi. Mara mbili tulikuwa tumepanga, mara mbili risasi zikafunga njia, na baba yake, Mzee Katembo, akatuma neno kwamba hii ndiyo ya mwisho, ikishindikana atampeleka binti kwa ndugu zake kule Mutwanga na mimi nitafute kwingine. Kwa desturi yetu mbuzi hutangulia, wazee hufuata, na mwoaji huja nyuma kabisa, kichwa chini, mdomo umefungwa, kwa miguu. Hapo kiburi kikaniuma. Mimi, kwa miguu, kama mtu anayetoka kuvuna viazi?

Basi nikafanya jambo dogo tu. Nilinunua sokoni magurudumu mawili ya baiskeli ya milimani, madogo kuliko yangu, yenye tairi nene za meno, nikatanua vyuma vya nyuma kwa mikono mpaka yakaingia, na baiskeli ikakaa chini-chini, imenona, kama mbwa anayenyemelea kuku. Ila gurudumu likiwa dogo, breki zangu hazikufikia tena chuma chake, zilikuwa zinauma mpira. Nikazifungua, nikazitia mfukoni.

Dada yangu Masika alikuwa anapepeta maharage. "Kambale, na breki?"

"Breki ni mguu. Nakanyaga pine na kandambili, inasimama. Angalia!"

Nikazunguka ua, nikakandamiza kandambili ya mpira kwenye tairi la mbele, na kweli ikasimama (ua wetu ni tambarare, jambo nililolikumbuka baadaye).

"Ku Vuhovi kuko milima," akasema.

"Masika, kati yetu mwenye kusoma ni nani?"

Asubuhi ya safari askari wa barrière aliizunguka baiskeli yangu akicheka. "Kaka, hii ni velo ao ni chukudu ya mbao ya kubeba mizigo? Pita na takataka yako!" Nikapita nimevimba kwa furaha, nikiwafuata wazee wangu polepole. Baba mkubwa Paluku, msemaji wetu, aligeuka mara moja: "Kambale, shuka ku hiyo kitu, utembee kama mutu."

"Niko nyuma yenu, baba. Niko nyuma tu."

Juu ya mteremko wa mwisho nikawaacha watangulie mpaka nikaona migongo yao tu, nikasema nitashuka kidogo, nitasimama kabla ya kuwafikia. Baiskeli ikashika kasi, nikainua mguu, nikakanyaga tairi. Lakini siku hiyo sikuwa na kandambili, nani anaenda ukweni na kandambili? Nilivaa viatu vyangu vya Kampala, na ile soli laini ya ngozi juu ya mpira wenye tope iliteleza kama sabuni. Nikajaribu kurudi kwenye pedali, na kwa kuwa baiskeli ilikuwa imeshuka, pedali ikagonga jiwe, mguu ukarushwa, nikabaki nimeinua miguu yote miwili hewani kama mtu anayevuka mto.

"Mupishe! Mupishe njia! Breki hapana iko!"

Akina mama waliokuwa njiani wakaruka mtaroni na vikapu vyao. Baba mkubwa akaingia kwenye mihogo kwa mruko wa kijana. Mbuzi wakatawanyika, isipokuwa beberu mmoja ambaye kamba yake ilinasa kwenye ule usukani wangu wa pembe, na yeye, mwenye akili kuliko mimi, akaona heri kukimbia kuliko kuburutwa. Tukashuka wawili.

Wakwe walikuwa wameketi chini ya kibanda cha majani ya migomba, wamevaa vizuri, wanatazama njia. Tulipiga nguzo ya kati. Kibanda chote kikatulalia.

Shangazi yake Kavira, kutoka chini ya majani: "Huyu ni mukwe ao ni mwizi anakimbia na mbuzi ya batu?"

Mzee Katembo akainuka, akaondoa jani kwenye kofia. "Bazee bako wapi? Mutoto yangu ni wa mbuzi moja?"

Ningenyamaza. Mwoaji hasemi siku hiyo, hata mtoto anajua. Nikafungua mdomo: "Papa, pardon, ni magurudumu, yako madogo, lakini ukipiga hesabu..."

"Na tena anasema!" akalia shangazi.

"Donc imekwisha," akasema Mzee Katembo. "Kesho Kavira anaenda Mutwanga."

Wazee wangu wakafika wakihema, na Baba mkubwa, matope mpaka magotini, akapiga makofi ya kuomba, akaomba, akaomba tena, mpaka mzee akakubali jambo moja: binti aitwe. Kavira akatoka ndani. Baba yake akaninyooshea fimbo, nami nina jani sikioni na kamba ya mbuzi mkononi. "Huyu mutu unamujua?"

Kama angesema hapana, hakuna mzee ambaye angeweza kulirudisha neno hilo. Alinitazama muda mrefu. Akaitazama baiskeli.

"Namujua, papa. Hii velo tu njo siijue."

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza, kisha wote, na Mzee Katembo akapambana na mdomo wake mpaka ukamshinda. "Basi barudi juu, bashuke tena. Mbuzi mbele, bazee nyuma, na huyu nyuma ya bote. Ku miguu. Akisema hata neno moja, tumemaliza!"

Tukapanda. Tuliposhuka, Vuhovi yote ilikuwa imesimama kandokando ya njia, akina mama wameacha majembe shambani. "Mukwe, breki iko?" "Polepole, baba, usipite mbuzi!" Mimi, mwenye jibu la kila kitu, niliangalia visigino vya Baba mkubwa mpaka uani, nikakaa nilipoonyeshwa, na mbuzi wakapokelewa.

Leo nina pikipiki, nimeinunua kwa jasho langu, breki zake nzuri mbele na nyuma. Nikienda kwa wakwe naizima juu ya ule mteremko, naiacha pale, nashuka kwa miguu. Na nikimkuta mzee yeyote mbele yangu, hata nisiyemjua, hata amebeba kuni na anatembea kama kinyonga, simpiti.