Bangili Yangu Kwenye Tumbo la Garimoshi

Kitendawili, wajukuu zangu!

Bangili yangu imepanda meli hadi Ulaya, mwenyewe nimeishia pantoni ya kuvukia pale Magogoni.

Mmeshindwa? Msinipe mji. Nitawategulia bure.

Mwaka 1954 bangili yangu ya fedha ilichemsha maji pale Kariakoo, ikapiga honi, wapagazi wa sokoni wakatupa mizigo kuja kutazama. Nilikuwepo. Nilikuwa mke mbichi, hata kanga zilikuwa hazijafuliwa vya kutosha.

Mume wangu Leodegar alikuwa fundi wa taa za karabai na majiko ya primasi. Tulitoka Moshi, tukapanga chumba kimoja, naye Nasor, Mwarabu mwenye duka la vyombo, akampa pembe ya baraza yake afanyie kazi.

Leodegar alitaka kitu kimoja tu duniani: karakana ya reli. Garimoshi likipiga honi huko stesheni, koleo lake linasimama hewani.

Basi siku moja akaja Mzungu, mkubwa wa karakana hiyo, kabeba sanduku. Ndani mna garimoshi dogo, refu kama mkono hadi kiwiko. Si la kusukuma na kidole. Unatia maji, unawasha spiriti chini, linakwenda kwa mvuke kama lile kubwa.

Ila lilikuwa limekufa. Kiwanda chake kimefungwa, vipuri havipatikani popote.

"Wewe fanya hii tembea," Mzungu akamwambia, "mimi nakupa kazi karakana."

Alipoondoka, Nasor akaangua kicheko. "Mchaga, hilo dubwana si karabai. Litakulipukia ndevu!"

"Sina ndevu, Bwana Nasor."

"Basi litakulipukia mke."

Leodegar akalifungua. Vali imekwama, akachonga nyingine kwa nipeli, ile chuchu ya kutolea mafuta kwenye primasi. Springi akaitoa kwenye saa mbovu. Pistoni akaizungushia uzi wa pamba uliolowa mafuta ya ng'ombe.

Lakini tumbo! Lile tumbo la kuchemshia maji lilikuwa na ufa umezunguka pande zote. Akiziba kwa risasi, ile ya kuzibia sufuria, moto ukikolea tu risasi inayeyuka, maji chwaa!

"Panataka fedha," akasema. "Kama wanavyounga masonara."

Akatazama mkono wangu. Akageuka upesi, kama mtu aliyechungulia chumba cha watu.

Bangili ile mama aliuza kahawa ya msimu mzima ndipo akainunua, akanivisha siku naondoka. Sikuwa na kingine cha kwetu.

Niliivua kwa sabuni.

"Frasia, usije ukanilaumu."

"Ukiingia karakana utaninunulia mbili."

"Nne!"

Tukacheka. Mungu wangu, tulivyocheka.

Akaiyeyusha, akaichanganya na shaba, ufa ukashika. Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la fundi wa Kariakoo hasa. Kwetu pale mteja akiona kiraka, anapiga kelele kwamba umemharibia kitu chake. Kwa hiyo Leodegar akakaa na majivu na ndimu, anasugua, anasugua, mpaka kila kitu kikawa rangi moja.

"Wewe, acha hata alama moja," Nasor akamwambia.

"Nimwachie mtu kovu? Aibu hiyo!"

Mzungu akaja. Reli zikatandazwa sakafuni dukani, spiriti ikawashwa. Piii! Likazunguka, watu wakashangilia, Leodegar kasimama wima kama bwana harusi.

Mzungu akalizima. Akaligeuza. Akatoa kioo cha kukuzia, akapitisha kidole tumboni.

"Hii hapana vunjika," akasema. "Hii ilikuwa chafu tu."

"Bwana, lilipasuka hapa."

"Wapi? Onyesha."

Leodegar akatafuta. Naapa, akatafuta na yeye asipaone.

Nikanyanyua mkono wangu mtupu. "Humo ndani mna bangili yangu!"

Mzungu akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. Ahadi yake lakini hakuivunja.

"Wewe nasafisha mzuri sana. Jumatatu kuja karakana. Kazi ya kufuta masizi."

Aliyetukana ni Nasor, tena kwa Kiarabu. Leodegar alisema, "Ahsante, bwana."

Akafuta masizi ya magarimoshi makubwa mpaka mapafu yakakataa. Spana hakupewa hata ya kushikilia. Tulipomwosha kwenda kumzika, kucha zilikuwa bado nyeusi. Zile bangili nne hatukuzitaja tena.

Mwaka jana mjukuu wangu Blandina, muuguzi huko Ulaya, akanitumia picha. Garimoshi dogo kwenye kabati la kioo, nyumba ya makumbusho. Akanisomea kibao kwenye simu: lilitoka kwa mkubwa wa reli Tanganyika, vipuri vyote ni vya kiwandani, halijawahi kuharibika wala kufanyiwa matengenezo.

"Bibi, ndilo?"

"Vuta picha nione tumbo, mama."

Akavuta, akaituma tena.

Fedha isiposuguliwa huwa nyeusi. Na huko kwenye kioo hakuna wa kuisugua kwa majivu na ndimu.

Tumboni, kuzunguka pande zote, pana mstari mweusi mwembamba.

Bangili yangu.

Kovu lilingoja fundi azikwe ndipo lijionyeshe.

Wajukuu zangu mnaoshona, mnaojenga, mnaochomelea: kazi yako itie alama ungali hai. Usiisugue mpaka ukajifuta na wewe.

Mji wenu kaeni nao. Mimi nataka bangili yangu.