Nyasi Alizozifunga Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa Butimba kumwona ndugu yangu, jua limekausha hadi mate mdomoni, nikaona moshi juu ya kilima. Moshi mwembamba tu, wa nyasi. Vijana waliokaa kibandani hawakuinua hata macho. Mimi nikasimama katikati ya njia nikitafuta upepo unatoka upande gani, mpaka mwenye bodaboda akanipigia honi na kuniuliza kama nimepotea. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nimechoka ghafla, uchovu wa zamani, na sababu yake ni bibi yangu mzaa mama.

Miaka ile ya tisini, viwanda vya samaki vilipofunguliwa, mama alikaanga mapanki ya kuuza mjini, mtaa wa Mabatini. Unayakumbuka mapanki? Minofu ya sangara ilikwenda Ulaya, sisi tukabaki na vichwa na mifupa, na tukaifurahia. Likizo ya kiangazi ikifika alinipeleka kwa bibi, kijijini nyuma ya vilima. Nilifika nikinuka mafuta ya samaki, na bibi alinisugua kwanza ndipo akaitikia shikamoo yangu.

Kiangazi cha kule kilikuwa kazi tupu. Tulikatakata viazi vitamu tukavianika juu ya majabali yakauke viwe michembe, na kutwa nzima nilifukuza mbuzi. Maji tulichimba mchangani, mtoni kulikokauka, ukingoja kata ijae huku midomo inapasuka. Jioni michembe iliyochemshwa kwa maziwa. Bibi alilitazama jua linazama akaliambia, "Nenda, nenda, huna adabu wewe."

Maziwa yale yalitoka kwenye ngitili. Mvua za masika zikiisha, bibi alifunga kipande chake cha mbuga kwa miiba, nyasi zikaachwa zirefuke, zikauke zikiwa zimesimama. Hakuna mnyama aliyeingia mpaka kiangazi kikolee na malisho mengine yaishe. Hapo ndipo aliwafungulia ng'ombe wake, kidogo kidogo, kama mtu anayegawa sukari ya mgeni. Ng'ombe wenyewe walikuwa wachache, uzao wa jike mmoja aliyeachiwa na baba yake. Bila nyasi zile wasingeiona mvua, na bibi hakuwa na kitu kingine duniani cha kuita chake.

Mwaka ninaoukumbuka, jua liliwahi. Jirani yetu, ambaye hakuwa amefunga ngitili, alikuja asubuhi akachuchumaa mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ng'ombe hawajambo?"

"Wanalala chini mama, hawaamki. Nigawie hata pembeni pale."

"Mwanangu, mvua ikikawia, hawa wangu nitawapa mawe?"

Akainuka, akaenda zake. Bibi hakula mchana ule. Alisema tumbo limejaa, nami nilijua halijajaa.

Vilimani siku zile kulikuwa na wachoma mkaa wengi, wengine watu waliopunguzwa kazi mjini. Walichoma mkaa ili akina mama kama mama yangu wakaange mapanki. Moto wa tanuru moja ukashika nyasi, na kilima kikawaka. Yowe likapigwa, na kwa desturi ya kule yowe likipigwa hakuna anayebaki ndani. Watu walipanda na matawi mabichi, wakaupiga moto, ukafa huku ukaamka kule, katikati ya mawe wasikofika. Ukaendelea siku kadhaa. Majivu yalituangukia kwenye michembe. Kisha ngitili ya mzee mmoja ng'ambo ya kilima ikateketea kabla maji ya ugali hayajachemka. Bibi alikwenda kumpa pole, akarudi na vumbi jeusi miguuni, akakaa.

Asubuhi aliniambia, "Kamwite jirani. Mwambie alete ng'ombe wake."

Akaivuta miiba kwa mikono yake mwenyewe. Ng'ombe wa jirani waliingia pamoja na wetu, wakafuata wa wengine, maana aliona afadhali nyasi ziliwe na watu washibe maziwa kuliko zigeuke majivu. Walikula usiku na mchana. Nilizoea sauti ile ya kung'oa na kutafuna, nikaiona tamu. Mbuga ikabaki tupu kama sakafu.

Na moto haukuja. Upepo wa ziwa uligeuka, ukaurudisha moto kwenye mawe, na moto ukazimika wenyewe. Jirani alileta kibuyu cha maziwa akashukuru hadi bibi akamwambia basi. Kisha mvua ikakawia.

Sitaki kukueleza sana jinsi ng'ombe anavyokufa kwa njaa. Wa bibi, ambaye hakuwa na pa kuwapeleka, walikufa mmoja mmoja, mbavu zikihesabika, naye akiwashikia kichwa. Wa jirani, kwa zile siku chache za kushiba, walipata nguvu za kuswagwa hadi kwa ndugu zake mbali, kwenye malisho, wakapona. Bibi hakumlaumu. Hata moto hakuulaumu.

Mama alidhani sasa atakubali kuhamia mjini. Mwaka uliofuata, masika yalipoisha, bibi alishika panga akaenda kukata miiba, nami nikamfuata. Niliuliza, kwa ujinga wa utoto, tunawafungia ng'ombe gani. Hakuinua kichwa. "Kaza upande huo," alisema. "Wa jirani wataingia."

Leo pale pote ni nyumba za bati, na ndugu zangu wananiambia ni afadhali, moto hauna tena pa kupita. Ni kweli, nami sina nguvu ya kubishana nao. Mimi najua tu kwamba bibi alizifunga nyasi zile kila mwaka mpaka mwili ulipomshinda. Zilirefuka, zikakauka zikiwa zimesimama, hazikuliwa na mnyama yeyote, maana ng'ombe wa jirani hawakurudi tena kutoka kwa ndugu zake, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia aache.