Tarehe moja Januari, herufi nne za S, na fomu niliyoogopa kuisaini

Mashine ya getini ililia mara mbili, kwa sauti nzito ya puani. Taa ikawa nyekundu.

Abiria waliokuwa mbele yangu wote walikuwa wamepita kwa mlio mmoja mwembamba. Wangu tu ndio ulikuwa tofauti.

Wakuu, nawasalimu nyote. Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya humu jukwaani, na leo naandika kwa mara ya kwanza. Ninayoyasimulia yalinipata mimi mwenyewe. Nimeyapunguzia majina tu.

Ilikuwa Novemba 2014, uwanja wa ndege wa Buffalo, ambako nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nilikuwa nakwenda Louisville, Kentucky, kwa mama. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeshindwa kufanya check-in mtandaoni, na nikadhani ni intaneti ya nyumba yetu ya kupanga. Mhudumu wa kaunta ndiye aliyenichapishia boarding pass. Ilikuwa na herufi nne za S zimepangwa kwenye kona. Sikujua maana yake.

Nilielezwa maana yake kwa vitendo. Nilitolewa kwenye foleni na begi langu likamwagwa mezani. Viganja vyangu vilipanguswa kwa kitambaa kilichoingizwa kwenye mashine. Kitabu changu cha takwimu kilifunguliwa ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo hata mimi mwenyewe nilikuwa sijalifanya.

Sikutukanwa, na hilo ni haki niliseme. Lakini nilipoketi kwenye kiti changu, nilianza kupanga upya vitu begini, kimoja kimoja, hadi tulipotua.

Nilijiambia kwamba ni bahati nasibu, kwamba kila abiria hupata siku yake.

Januari ikanikanusha. Narudi Buffalo kutoka Louisville, herufi zile zile nne, ukaguzi ule ule, na safari hii ndege ikaniacha. Nilifika siku iliyofuata, baada ya wenzangu kuwasilisha kazi ya kikundi bila mimi. Profesa wangu hakugomba. Aliniuliza jambo moja tu: "Julai tunakwenda Kigoma kwa utafiti, ndege tatu kwenda na tatu kurudi. Una hakika utaweza kusafiri?"

Nikamjibu kwamba nina hakika. Sikuwa nayo.

Hapa lazima niwaeleze jambo la nyumbani kwetu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini fomu ya kurasa chache ilinichukua majuma saba.

Sisi ni Warundi tuliokulia kambini, mkoani Kigoma. Siku ya kuandikishwa baba, Mungu amrehemu, alisimama kwenye foleni tangu asubuhi. Alipofika mezani, karani alimuuliza mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja wetu. Tarehe na mwezi hakuuliza. Aliandika mwenyewe: tarehe moja Januari. Baba, mama, kaka yangu Nestori, mimi, na mdogo wetu Yunisi. Watu watano, siku moja.

Mimi nina tarehe yangu ya kweli. Kadi yangu ya kliniki ipo hadi leo, ndani ya Biblia ya mama, na imeandikwa tarehe 17 Machi. Mama huongeza kwamba ilikuwa wiki ambayo mvua ilibomoa choo cha kanisa, na mchungaji akahubiri kuhusu nyumba iliyojengwa juu ya mchanga huku watu wakijizuia kucheka.

Lakini ulipofika wakati wa mahojiano ya kuletwa Marekani, kadi hiyo ilifichwa. Kila jioni, kabla ya chakula, baba alituuliza kwa zamu: "Umezaliwa lini?" Nasi tukajibu kwa zamu: "Tarehe moja, mwezi wa kwanza." Ulijibu vibaya, ulianza upya, na ugali ulipoa.

Wazazi hawakuwa wakali bure. Jirani zetu walikuwa na binti wa miaka tisa aliyemwambia afisa siku yake ya kweli, kwa uaminifu wa kitoto. Faili lao liliwekwa kando. Sisi tulipanda ndege, wao walibaki. Mama akatoa sheria ambayo haijawahi kufutwa nyumbani kwetu: ulichosema mezani mara ya kwanza, ndicho utakachosema mpaka kaburini.

Tulipofika Louisville tuliigeuza tarehe hiyo kuwa sherehe. Kila mwaka mpya, katika nyumba yetu ya South End, tunakata keki moja yenye majina matano, la baba likiwamo. Mama hupenda kusema, "Wanawake wengine wamezaa mapacha. Mimi karani alinizalisha familia nzima siku moja, na mimi mwenyewe nikiwemo."

Tunacheka. Lakini sheria ni sheria.

Turudi kwenye fomu.

Niligundua kwamba ipo ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya wasafiri wanaosumbuliwa kwenye ukaguzi. Unajaza fomu, unaambatisha nakala za vitambulisho, wanachunguza kama umefananishwa na mtu mwingine, kisha wanakupa namba ya kuandika kila unaponunua tiketi. Kwa maneno, ni jambo rahisi.

Niliisoma mara nne. Wanataka jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, urefu, uzito, rangi ya nywele, rangi ya macho, anwani, simu, na maelezo ya kilichokupata. Tangazo la faragha linasema taarifa zako zinaweza kupelekwa kwa idara nyingine. Mwishoni unasaini kwamba yote ni kweli, na kwamba kusema uongo ni kosa la jinai.

Wakuu, mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Nilichora jedwali. Safu ya kwanza: nikiandika tarehe moja Januari, nasaini jambo ninalojua si kweli. Safu ya pili: nikiandika 17 Machi, napingana na kila karatasi niliyonayo katika nchi hii. Safu ya tatu niliiachia kichwa kimoja tu: MAMA.

Kwa sababu mwezi ule ule mama alikuwa amepeleka maombi ya uraia. Katika maombi hayo alikuwa ameorodhesha watoto wake na tarehe zao. Je, idara moja ikimuuliza mwenzake? Je, afisa akilifungua faili lake kwa sababu binti yake msomi alitaka kupita getini kwa mlio mwembamba? Mama alikuwa amekariri maswali ya uraia akiwa kwenye mstari wa kufungasha katoni kiwandani, kikaratasi kikiwa ndani ya glavu. Mimi ndiye niliyeweza kumharibia.

Februari nilikwenda Columbus, Ohio, kwa kaka Nestori, kumwomba ushauri. Nilipanda basi. Saa nyingi za theluji, lakini basi halikuulizi umezaliwa lini.

Nestori anakaa Northland, karibu na Morse Road, kwenye apatimenti ambazo harufu ya maharage hukupokea ukiwa bado kwenye ngazi. Alinisikiliza hadi mwisho huku akivua buti za kazini.

"Tatizo lako dada, umesoma," alisema. "Mimi ningekwenda kwa basi maisha yangu yote."

"Kigoma hakuna basi kutoka Buffalo."

"Basi usiende Kigoma. Tulitoka huko kwa taabu, wewe unarudi kuhesabu watu wanaoharisha."

Jirani yake alikuwa amekuja kuazima chaja akakuta mazungumzo yamenoga. Ni Mkongo wa Kivu, mtu mzima, tunamwita Papa Jérémie, anafanya kazi na Nestori kwenye ghala. Aliketi bila kukaribishwa, na Kiswahili chake cha Kivu, chenye "ba" pale penye "wa" yetu na Kifaransa juu yake.

"Bon, dada, miye ile formulaire nilijaza," alisema. "Banakuuliza byote, mpaka rangi ya macho. Donc nilikwenda kwenye kioo kwanza, kuangalia."

"Hukuogopa, Papa?"

"Kuogopa nini? Bako na jina yangu tangu kambi. Bako na vidole yangu yote kumi. Sasa nibafiche nini, urefu?"

Nestori alicheka hadi akashika ukuta.

"Na tarehe ya kuzaliwa uliandika ipi?" nikamuuliza.

"Ile ya karatasi. Premier janvier." Akanitazama kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi afike mwenyewe. "We unafikiri ni nyinyi tu? Hapa kwa building, tuko batu kumi na moja ba tarehe moja. Njo maana bananichanganya na mwingine. Tuko bengi sana siku moja."

Nilikaa na maneno hayo njia nzima ya kurudi Buffalo.

Miaka yote nilikuwa nimeiona tarehe ile kama uongo wetu sisi, siri ya nyumba moja. Sikuwahi kuwaza kwamba maelfu ya watu walisimama kwenye foleni kama ya baba na wakapewa siku ile ile. Kompyuta ikitafuta mtu kwa jina linalokaribiana pamoja na tarehe ya kuzaliwa, sisi tumeshanyang'anywa nusu ya kinachotutofautisha. Niliogopa fomu kwa sababu ilitaka kujua mengi mno. Labda yale mengi, urefu, macho, mahali nilipozaliwa, ndiyo yangeonyesha kwamba mimi si yule mwingine.

Nasema labda. Hadi leo sijaambiwa sababu.

Chuoni kwetu kulikuwa na kliniki ya msaada wa kisheria. Nilikwenda na jedwali langu. Mwanasheria, mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, alilisoma lote. Kisha akaniuliza:

"Ni nani aliyeandika tarehe moja Januari?"

"Karani."

"Wewe ulikuwa na umri gani?"

"Miaka sita."

"Basi ukweli wako una sehemu mbili. Andika tarehe iliyo kwenye vitambulisho vyako, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe yako kisheria. Halafu kwenye nafasi ya maelezo, andika jinsi ulivyoipata. Aliyeficha jambo na aliyelieleza hawasomwi kwa jicho moja."

Nikamuuliza kuhusu mama. Akasema hawezi kuniahidi chochote kuhusu faili la mtu mwingine, lakini katika miaka yake ya kazi maafisa anaokutana nao wanaijua Januari ya wakimbizi kuliko wanavyojua siku za kuzaliwa za wakwe zao.

Kutotoa ahadi kwake ndiko kulikonifanya nimwamini.

Niliandika maelezo ya sentensi sita. Ya tatu ilisema: "Tarehe hii ilitolewa na karani wakati wa kuandikishwa kambini, kama ilivyokuwa kwa familia yangu yote." Niliifuta mara mbili na kuirudisha mara mbili. Nikasaini. Nikatuma.

Mama sikumwambia.

Hilo ndilo lililonilemea kuliko ukaguzi wowote. Kila Jumapili alipiga simu baada ya ibada, akanisimulia maswali aliyokwisha kuyakariri, nami nikamsikiliza kama mwizi aliyealikwa chakula. Aprili alikwenda kwenye mahojiano yake. Nilishinda maktaba bila kusoma mstari hata mmoja. Jioni akatuma ujumbe wenye neno moja: "Nimepita."

Nililia chooni, wakuu, choo cha ghorofa ya tatu ambako hakuendi mtu.

Mwishoni mwa Mei barua yangu ikafika. Haikubali wala kukanusha kwamba jina langu liliwahi kuwa kwenye orodha yoyote. Inasema wamepitia taarifa nilizotoa, wamefanya marekebisho yaliyohitajika kama yalihitajika, na namba yangu ni hii hapa. Nimeisoma kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Hakuna zaidi.

Kabla sijamaliza, niseme nilichojifunza, ingawa mimi si mwanasheria na kila mtu ana karatasi zake. Hofu ya wazazi wetu ilikuwa na sababu, na ilituvusha. Lakini hofu iliyokuvusha mto haikuambii lini ushuke kwenye mtumbwi. Andika kilicho kwenye karatasi, eleza kilicho nyuma yake, weka nakala ya kila ulichotuma, na umtafute anayejua sheria kabla ya kumtafuta anayejua kuogopesha.

Wenye Januari yenu humu, jitokezeni. Nataka kujua tuko wangapi, na ambaye bado ameishikilia fomu yake mkononi aniulize lolote hapa chini. Nitajibu, pengine kwa urefu kuliko mnavyotaka.

Limebaki jambo moja.

Juni nilikata tiketi ya Louisville kwenda kwenye kiapo cha uraia cha mama. Namba niliiandika. Check-in ilikubali mtandaoni, na kona ya boarding pass ilikuwa tupu. Getini mashine ikalia mara moja, mlio mwembamba. Nilisimama upande wa pili kwa sekunde kadhaa nikingoja ule mwingine, hadi mhudumu akaniambia niendelee.

Nikiwa kwenye ile njia ya kuingilia ndege, nyuma ya mzee mwenye begi kubwa, nikampigia mama. Nikamweleza yote: fomu, sentensi ya tatu, barua.

 Nilisikia maji ya bomba yakifungwa.

"Uliwaambia kwamba tulipewa?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Hata mimi nilimwambia yule afisa wa uraia," alisema. "Aliniuliza siku ya kuzaliwa, nikataja ile ya karatasi. Halafu mdomo ukakataa kufunga. Nikamwambia, mwanangu, hiyo tuligawiwa kwenye foleni. Akasema, mama, wewe ni wa tatu leo. Akaendelea kuandika."

"Mbona hukutuambia?"

"Wewe ungelala?"

Foleni ikasogea. Nikasogea nayo.

"Kadi yako ya kliniki nimeitoa kwenye Biblia," akaendelea. "Iko kwenye friji, nimeibandika kwa ile sumaku ya ndizi. Machi ijayo utakata keki yako peke yako."

"Na ya Januari tunaiacha?"

"Tuiache?" Mama alicheka. "Hiyo ndiyo iliyotupandisha ndege. Hebu ingia yako, watu wanakungoja."