Baiskeli Isiyopandwa

Tarehe 3 Juni 1996 msoma mita wa idara ya maji alinunua baiskeli nyeusi, mpya, ya magurudumu makubwa. Tarehe hiyo haina ubishi. Stakabadhi ya duka imetiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa sebuleni kwake, juu ya redio, mahali ambapo nyumba nyingine hutundika picha ya harusi. Picha ya harusi ipo pia. Imelazwa kabatini chini ya mashuka, kwa sababu msumari ulikuwa mmoja.

Mtaani wanamwita Mzee Kokota, na jina amelitolea jasho. Huu ni mwaka wa nane hajaipanda baiskeli hiyo. Anaikokota. Anatoka nayo asubuhi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye siti, akitembea kando yake taratibu kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Akirudi jioni anaifuta kwa kitambaa laini, kuanzia kengele hadi spoki ya mwisho, ndipo anapokumbuka kuwasalimia walio ndani. Kisha anaiingiza. Nyumba ina sebule na vyumba viwili. Chumba kimoja ni cha mume na mke. Cha pili ni cha baiskeli. Binti yao wa pekee, mwenye miaka ishirini na mitatu, analala sebuleni kwenye godoro linalokunjwa kila asubuhi ili wageni wasilione.

"Sebuleni kuna mvuke wa jikoni," Mzee Kokota anaeleza, kwa utulivu wa mtu aliyelifikiria jambo akalimaliza. "Mvuke unakula chuma."

Mvuke unamfanya nini binti, hajawahi kulifikiria.

Kuacha kupanda kulitokana na ushauri mzuri uliosikilizwa vibaya. Fundi wa kona, ambaye amekuwa akiitengeneza baiskeli hiyo tangu ikiwa na rangi yake, aligundua kwamba uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, umeanza kupata ufa. Akamwambia aubadilishe.

"Nibadilishe na nini?"

"Na mwingine, mzee. Ninao hapa."

"Huo wako si wa kwake."

"Utakuwa wa kwake nikishaufunga."

Mzee Kokota akaikokota hadi nyumbani, akaamua kwamba chombo kilichomtumikia kiasi hicho kinastahili kupumzika. Fundi anaikumbuka siku hiyo bila furaha. "Nimeshaona watu wanapumzisha ng'ombe," anasema, "lakini hata ng'ombe akipumzishwa hatembezwi mji mzima."

Kazini, uamuzi huo walioulipia ni wenzake. Msoma mita anapita nyumba kwa nyumba, na idara ilipoleta pikipiki alipewa ya kwake kama wengine. Akairudisha siku ileile. Akaendelea kwa miguu, baiskeli ubavuni, akiiegemeza kwenye kila geti na kuitazama mara mbili kabla ya kuinama kwenye mita. Mitaa aliyoshindwa kuimaliza walimalizia wengine, mwezi baada ya mwezi, hadi mkuu wa kitengo akachoka akamwachia vichochoro vitatu vilivyo nyuma ya ofisi. Hapo ndipo alipobaki mpaka alipostaafu mwaka jana. Kwenye hafla ya kumuaga aliomba baiskeli iwe kwenye picha ya pamoja. Iko mbele, katikati. Yeye mwenyewe ameonekana nusu.

Vijana wa kijiweni humsubiri apite.

"Mzee Kokota, leo zamu ya nani kubebwa?"

"Pumbavu," huwajibu, na kuvuta hatua.

Mtu akimkuta ametulia atasimuliwa kwa nini. Hadithi ni moja na haibadiliki. Usiku ambao mkewe alishikwa na uchungu hapakuwa na gari, mvua ilikuwa inanyesha, na baiskeli hii, anasema akiipigapiga siti, ndiyo iliyomfikisha hospitali. Bila hii, binti asingekuwepo. Sauti hulegea anapofika hapo. Wapo waliotokwa machozi.

Mkewe, mshonaji ambaye cherehani yake iko barazani, husikia hadithi hiyo kupitia dirisha na kuendelea kukanyaga. Akiulizwa hujibu bila kuinua macho kutoka kwenye pindo.

"Nilitembea. Keria ilikuwa mpya, akasema uzito wangu utaipinda. Baiskeli ilibeba beseni na kanga."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mwenye uchungu anasema nini? Nilishika ukuta, nikaenda."

Huyu si mlevi, na hajawahi kumwinulia mtu mkono. Hilo lisemwe, maana ndilo analolisema yeye mwenyewe kila anapolaumiwa, na ni kweli. Hana sifa nyingine ya kuongeza. Huruma aliyojaliwa ni ya kutosha mtu mmoja, na ameimalizia kwenye chuma.

Mwezi uliopita mambo yalimfika mahali ambapo hadithi haitoshi. Binti, aliyemaliza mafunzo ya uuguzi na kukaa nyumbani karibu miaka miwili akituma barua za maombi, alipata nafasi kwenye kituo cha afya kilicho ng'ambo ya mto. Nafasi yenyewe ni ya majaribio. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na basi la kwanza, ambalo huzunguka kwa barabara kuu, humfikisha baada ya hapo. Njia fupi ni daraja la waenda kwa miguu. Pikipiki haziruhusiwi kulipita. Baiskeli zinapita, na kwa baiskeli ni mwendo wa dakika ishirini. Kwa miguu ni zaidi ya saa nzima, kuanzia gizani, kwenye njia ambayo msichana hapiti peke yake.

Alichelewa mara ya kwanza, akaomba radhi. Mara ya pili matroni alimwita pembeni. Wodi ya wazazi, alimwambia, haiwezi kuachiwa muuguzi wa usiku anayesinzia huku akimsubiri mtu aliyeko kwenye basi. Mara ya tatu nafasi itakwenda kwa mwingine, na wapo wengi.

Jioni hiyo binti alikaa chini, akapakata mikono, akamwomba baba yake baiskeli.

"Niazime mpaka mwisho wa mwezi tu, Baba. Nikipata mshahara nitanunua yangu."

"Mwanangu, ile haipandwi."

"Fundi anasema akibadilisha uma inapandwa. Nimeshamuuliza. Ataifunga leoleo."

"Umekwenda kwa fundi kunisema?"

"Nimekwenda kuuliza."

Mama aliacha kukunja nguo. "Mwenzangu, mtoto anaomba kazi, haombi pambo."

"Na mimi nimekataa kazi? Nimesema haipandwi. Ninyi hamjui ile kitu ilikotutoa."

"Nakujua ilikotutoa. Nilikuwepo, tena kwa miguu."

Mzee Kokota aliingia kwenye chumba cha baiskeli akakaa humo kwa muda. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyejishinda.

"Haya. Kesho nitakupeleka mwenyewe, nayo."

Binti alimshika mkono akambusu. Mama alipika vizuri. Wote wawili walielewa kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa: kwamba fundi ataitwa, uma utafungwa, na baba atamweka binti kwenye keria waende.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri binti alisimama mlangoni, sare imepigwa pasi, mkoba mkononi. Baba akaitoa baiskeli. Uma ulikuwa uleule. Akaupokea mkoba, akaufunga kwenye keria kwa mpira, akajaribu kama umekaa, akashika usukani. Akaanza kutembea.

"Baba, hatupandi?"

"Si nimekwambia haipandwi?"

"Si umesema utanipeleka?"

"Hivi nafanya nini?"

Muda wa kurudi kitandani haukuwepo, wala wa kulia. Binti akatembea. Alijaribu kuongeza mwendo, baba akamwomba asikimbie, kwani changarawe inaruka na kugonga rimu. Kwenye dimbwi lililo kabla ya daraja baba alisimama akavua viatu, akakunja suruali, akainyanyua baiskeli begani pamoja na mkoba, akaivusha bila tone. Binti alivua raba zake nyeupe akapita mwenyewe, sare ameshikilia magotini. Upande wa pili alimkuta baba anafuta mnyororo.

"Mkoba wako haujalowa," alimwambia. Alisema kwa fahari.

Walifika jua limeshatoka. Matroni alikuwa amesimama kwenye ngazi, saa yake ya kifuani ameishika kwa vidole viwili. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na watu humwogopa kwa sababu hiyo. Binti alifungua mdomo, lakini baba alimtangulia. Alikuja kumtetea. Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo, akavua kofia, akaanza na tarehe ya kununuliwa.

Matroni alimsikiliza mpaka kwenye mvua na uchungu. Hapo akainua kiganja.

"Mzee, samahani. Hiyo baiskeli ni nzima?"

"Nzima kabisa, mama. Isipokuwa uma."

"Na uma unatengenezeka?"

"Unabadilishwa. Lakini si—"

"Na mmekuja nayo kwa miguu."

"Nimembebea mkoba."

Matroni aliutazama mkoba, akaitazama miguu ya binti, iliyokuwa na matope hadi chini ya magoti. Akamgeukia binti peke yake, kama vile pale kwenye nguzo hapakuwa na mtu.

"Nilidhani wewe mvivu," alimwambia. "Sasa naona. Nakupa Jumatatu, na hiyo ndiyo ya mwisho. Saa kumi na mbili kamili uwe wodini. Utakavyofika si kazi yangu, lakini usije na mzee."

Mzee Kokota aliitafsiri siku hiyo kuwa ushindi. Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe jinsi alivyoongea na matroni ana kwa ana, na jinsi binti alivyoongezewa muda kwa ajili yake. Mkewe alimsikiliza. Kisha akamuuliza swali moja, na ni haki kusema kwamba lilikuwa swali la kumwachia mlango wazi.

"Jumatatu utampeleka tena?"

"Nitampeleka. Kila siku, akitaka."

"Basi mtoke saa kumi alfajiri. Kwa miguu, mtafika mapema. Akiwa na wewe sitaogopa giza."

Alifikiri. Alifikiri kweli, mkewe anasema. Alikuna kidevu, akatazama mlango wa chumba cha pili.

"Saa kumi kuna umande," alisema. "Umande unaingia kwenye nati."

"Iache nyumbani. Nenda wewe."

Hilo hakulielewa. Mkewe alilirudia kwa maneno mengine, polepole, kama anavyowaeleza wateja wasiojua vipimo vyao. Aende yeye, baba, na miguu yake, amsindikize mwanawe hadi darajani, arudi. Mzee Kokota alimtazama kwa mshangao usio na hila yoyote.

"Sasa bila baiskeli," aliuliza, "nitakuwa nampeleka na nini?"

Mkewe alifunika cherehani. Akaenda kwa jirani kuomba simu, akampigia mdogo wake, ambaye amepanga chumba na ukumbi nyuma ya kituo cha afya, mkabala na wodi ya wazazi. Alimwomba binti akakae kwake, na mazungumzo hayakuwa marefu. Mdogo mtu alisema alikuwa anashangaa kwa nini wamechelewa hivyo kupiga.

Mzee Kokota amepokea habari hizo bila kelele. Amesema binti akihama, godoro litatoka sebuleni, na hewa itapita vizuri zaidi. Siku ya pili yake alionekana barazani amegeuza baiskeli juu chini, anapaka mafuta, akiwaeleza wapita njia kwamba siku hizi watoto hawana subira na vitu vya wazazi wao. Baadhi walikubaliana naye. Walikuwa na haraka.

Jumapili mchana binti anahamia kwa mama yake mdogo, na Jumatatu saa kumi na mbili anaingia wodini. Mama yake anakwenda naye. Ameshamwomba mdogo wake sehemu ya kuweka cherehani, na siku ya kurudi hajaitaja.