Mabirika Matatu Nyuma ya Nguzo

Watu wa mji mdogo wa Myllysalmi walipozichoka televisheni zao za chogo, zile nzito zenye mgongo kama wa ng'ombe, walizipeleka kituo cha taka wakijua zinakwenda kupondwa. Lakini pale kituoni alikuwapo Mervi Kallioinen. Mervi alizipangusa vumbi kwa mkono wa koti, akazijaribu moja moja, na zilizowaka akazipeleka nyumbani kwake kwa ruhusa ya bosi. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Mume hakuwa naye, mtoto hakujaliwa. Mungu humpa kila mtu mzigo wake, na yeye alipewa televisheni thelathini na moja, zimejaa stoo.

Hazikuwa za mapambo. Pale mjini kulikuwa na kikundi cha watu waliopenda mchezo mmoja wa zamani wa video wa kupigana, na mchezo ule hauchezeki kwenye televisheni bapa za siku hizi. Ukibonyeza, ngumi inachelewa. Kwenye chogo, kidole kikishuka ngumi imeshatua. Kwa hiyo kila Oktoba watu walikuja kutoka miji ya mbali kushindana kwenye televisheni za Mervi, katika chumba cha chini cha usharika wa kanisa. Chumba kile alikitafuta yeye. Na karatasi ya kukagulia ukumbi, yenye maswali kumi na manne, aliiandika yeye kwa mkono wake. Kwa miaka kumi na mmoja neno "Mervi amekagua" lilikuwa ndilo la mwisho.

Ndipo akaja Ilari.

Ilari alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, amehamia kutoka mji wa Turku. Alicheza vizuri, alichekesha watu, na mikutanoni alikuja na mikate ya mdalasini aliyooka mwenyewe. Mervi alimpenda wiki ya kwanza. Wiki ya pili alisikia watu wakicheka chumba cha pili, akaingia, akakuta wanacheka na Ilari kwa raha, na walipomwona yeye wakanyamaza kidogo ili kumpisha apite. Tangu siku hiyo kitu kikamkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Machi, Ilari akasimama kikaoni. "Jamani, nimepata ukumbi. Kile kiwanda cha zamani cha nyuzi, ghorofa ya pili. Kina lifti ya mizigo."

"Lifti!" akasema Tuuli, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili aliyeandika majina ya wachezaji. "Mgongo wangu umesikia, umesema amina."

Walicheka wote. Usharika ulikuwa na ngazi kumi na tisa, na kila televisheni ilizishuka ikiwa mikononi mwa watu wawili wanaolalama. Tena mwaka uliopita watu kumi na wanne walirudishwa mlangoni kwa kukosa nafasi. Mervi aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Lakini alichosikia yeye ni kwamba miaka yake kumi na mmoja ilikuwa ngazi tu, na sasa imekuja lifti.

"Lazima ukaguliwe," alisema.

"Sasa nani mwingine, dada Mervi?" Ilari akamjibu kwa tabasamu. "Bila wewe hatuendi popote."

Tabasamu lile lilimuuma zaidi ya tusi.

Jumamosi moja ya Aprili wakaenda wanne: Mervi, Ilari, Tuuli na mzee Ahti, mwenyekiti wao, aliyekuwa dereva wa basi hadi alipostaafu. Mwenye jengo alitaka jibu jioni ileile, maana kulikuwa na watu wa mnada waliokitaka chumba. Mervi alishika karatasi yake na kalamu. Mlango una upana? Una. Meza zinabeba? Alizikalia, zikabeba. Vyoo? Vitano, safi. Alitafuta unyevu kwenye kuta kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto wa jirani. Hakuna. Kila alipoandika "ndiyo" kalamu ilikuwa nzito kuliko televisheni.

"Mbona uso umekukunjamana, Mervi?" Tuuli akamtania. "Umelamba ndimu?"

"Nakagua."

Likabaki swali la kumi na nne, umeme. Hapo kikundi kilikuwa na desturi yake, nayo pia Mervi ndiye aliyeianzisha. Watu wa kikundi walitoa mabirika ya umeme ya majumbani kwao, na siku hiyo wale wanne walibeba sita. Birika moja linakula umeme wa televisheni kumi na tano, basi kila laini ya umeme, yenye fyuzi yake, ilichomekewa birika moja na yote yakawashwa pamoja. Fyuzi zikivumilia mpaka maji yachemke, ukumbi umefaulu. Kisha maji yanatiwa kahawa na watu wanakaa kunywa.

Yeye ndiye aliyeyapanga mabirika, kama siku zote. Wengine walikuwa wakihangaika na lifti, wakipanda na kushuka kama watoto, na kicheko chao kilimfikia juu. Alisimama mbele ya ubao wa fyuzi akasoma laini zote sita. Alizielewa. Akachomeka birika moja huku, moja kule, moja pale. Halafu akasikia Ahti akisema ndani ya lifti, "Ilari mwanangu, umetuokoa," na mkono wake ukachukua ekstensheni, ukazunguka nguzo, ukachomeka mabirika matatu kwenye laini moja. Alijua anachofanya. Asije mtu akasema shetani alimpitia. Alipita mwenyewe kwa miguu yake.

"Washeni hayo ya mbele," alisema waliporudi, na ya nyuma ya nguzo akayawasha mwenyewe.

Maji yalianza kunguruma. Ilari alisimama katikati ya ukumbi, mikono kifuani, kama baba anayesubiri nje ya chumba cha kujifungulia. Dakika ya kwanza ikapita. Kisha fyuzi ikapiga, *tak*, na taa za upande wa mto zikazimika.

Ahti akavua kofia.

"Basi," alisema mzee. "Ukumbi umefeli. Afadhali leo kuliko Oktoba. Ndiyo maana tunakutegemea, Mervi. Wewe hukosei."

Hayo ndiyo maneno aliyoyataka. Ameyangoja tangu Machi, na sasa yamekuja na wote wanamtazama yeye. Yalimshuka kama uji uliopoa.

Ilari alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Nisameheni. Nimewapotezea Jumamosi yenu. Dada Mervi, mwakani naomba nitembee na wewe, nijifunze." Akatoa simu mfukoni. "Ngoja nimpigie mwenye jengo, afunge ukumbi kabisa aite fundi. Kesho kina mama wa kufuma wana darasa humu, wasije wakaungua kwa waya mbovu."

Mervi aliona uongo wake ukitoka mlangoni kwa miguu yake wenyewe, unakwenda kufunga darasa la watu asiowajua. Na kilichomuudhi zaidi, hata hapo, ni kwamba yule kijana alikuwa mwema. Afadhali angekuwa na kiburi.

"Weka simu," alisema.

"Ni dakika moja tu, dada."

"Weka simu, Ilari! Waya hauna kosa. Mabirika matatu yako laini moja. Nyuma ya nguzo."

Tuuli alikwenda kutazama. Akarudi pole pole, ameshika ekstensheni kama mtu aliyeshika nyoka. "Ulikosea?"

"Sikukosea."

"We dada! Yaani ulitaka kutuchoma kwa wivu wako?"

"Tuuli, basi," Ahti akamkatiza, lakini yeye mwenyewe hakumtazama Mervi.

Ilari alibadilisha fyuzi, akayapanga upya mabirika, moja kwa kila laini, akiwa amempa Mervi mgongo. Yakanguruma, yakachemka yote, mvuke ukajaa dirishani, na hakuna taa iliyotikisika. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe karatasi."

Mervi akampa. Ahti akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda tangu leo kukagua kuwe kazi ya Ilari. Hakuna aliyepinga. Mervi naye hakupinga. Walikunywa kahawa, na yeye alipewa kikombe kama wengine, ila hakuna aliyemsogezea sukari.

Ilipofika saa kumi na moja walianza kukusanya vitu. Jua lilikuwa limeshuka, likaingia kwa dirisha kubwa la upande wa magharibi na kulala moja kwa moja juu ya meza, pale hasa zitakapokaa televisheni. Wengine walikuwa wakikunja nyaya. Mervi peke yake ndiye aliyeliona. Oktoba litashuka mapema zaidi, wakati wa fainali, na chogo likipigwa na jua halionyeshi kitu ila uso wako mwenyewe. Watu mia watakuwa hapa, na Ilari mbele yao.

Angeweza kuvaa koti lake akaondoka. Karatasi haikuwa na swali la jua, na haikuwa yake tena. Alimwomba Mungu ampunguzie, akasubiri kidogo, hakupunguziwa. Wivu ulikuwa palepale, wa moto vilevile.

"Mapazia," alisema.

Ilari akageuka. "Nini?"

"Lile dirisha. Bila mapazia fainali yako hawataiona. Meusi, mazito, mpaka chini."

Ilari alitazama dirisha, akatazama meza. Kisha akainama, na chini ya maswali kumi na manne ya Mervi akaandika la kumi na tano, kwa mwandiko mzuri kuliko wake. Hata huo Mervi aliuonea wivu, akashika birika lake akashuka kwa ngazi.