Siku Mchuzi Ulipotiwa Chumvi Mara Mbili

Aibu niliyoipata mimi kwa sababu ya konzi moja ya chumvi, jamani, hata leo nikiikumbuka nageuza uso, ingawa waliokuwepo karibu wote wameshatutoka na hakuna aliyebaki wa kunicheka isipokuwa ninyi. Basi chekeni, lakini msinikatize.

Nilikuwa msichana mkubwa, nimetoka shule ya bweni ya masista (enzi za Mwingereza hizo, asubuhi tunamwimbia malkia ambaye hatujui hata anakula nini), nikarudi kwa bibi mzaa mama pale Kivukoni, Ifakara, nikiwa mifupa mitupu. Bibi alidhani ni malaria. Haikuwa malaria. Nilianza na mfungo wa Kwaresma kama wenzangu, nikaacha kitoweo, nikaacha ugali wa jioni, Pasaka ilipofika wenzangu wakazirudia sahani zao mbio na mimi nikashindwa kurudi. Nikiona chakula naogopa, nikikiacha najiona mshindi (mshindi wa nini, sijui), nikawa nagawa sahani yangu huku najisifu moyoni, mpaka nikaanguka kanisani katikati ya litania. Wakati huo siku zangu za mwezi zilikuwa zimeshakatika zamani. Sista wa zahanati ya mjini, Mzungu mkali mwenye mikono laini, akaniambia utakula kidogo kidogo kila siku, utake usitake, na damu usikae mlangoni kuisubiri, hiyo itakuja mwisho kabisa, mwili ukishaamini kwamba njaa imekwisha.

Ningemwambia bibi hayo yote, mambo yangekuwa mepesi. Nikaona haya. Bibi ndiye aliyeinama kwenye mpunga, akaamia ndege tangu alfajiri, akanipelekea debe la mchele shuleni nisije nikadhalilika mbele ya watoto wa watu. Nitaanzaje kumwambia nilikuwa naugawa? Nikanyamaza, nikala. Na kula kwenyewe msidhani kulikuwa raha, kila tonge nalibembeleza, siku nyingine nalia juu ya sahani na kusingizia moshi. Lakini nilikula, na mashavu yakarudi.

Sasa kwetu, mwanamke akiwa mwezini hatii chumvi kwenye chungu. Akitia, waliokula watashikwa na kikohozi kisichosikia dawa. Kwa hiyo anaita mtu, "njoo unitilie chumvi," nyumba nzima inajua, hakuna anayesema neno, maisha yanaendelea. Mimi nilipika tangu mvua za kwanza mpaka mpunga ukaiva, sijamwita mtu. Bibi hakuuliza. Alikuwa ananitazama mashavu, halafu tumbo, halafu anashusha pumzi. Na hapo nilikuwa nimeshaposwa, mchumba wangu Kasiani yuko kwenye mashamba ya mkonge huko Kilosa, hajakanyaga Ifakara tangu mavuno ya mwaka uliotangulia. Hesabu hiyo hata kuku angeifanya.

Jumapili moja baada ya misa akaja shangazi yake Kasiani, shangazi Benigna, kavuka mto kwa mtumbwi pamoja na wanawake wawili, ati wamekuja kunijulia hali. Mimi niko jikoni, wali umeshakauka, mchuzi wa perege unachemka na chumvi nimeshatia kama kawaida yangu. Jiko letu lilikuwa la matete, kila neno linapita. Nikamsikia shangazi Benigna anasema taratibu (taratibu yake yeye, maana mama yule akinong'ona mbwa wanaamka), "Mmeyaona mashavu hayo? Na kijana wetu hayupo."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nikapaza sauti mpaka uani, "Bibi! Njoo unitilie chumvi!"

Weee! Bibi alikuja mbio, mwanamke aliyekuwa akilalamika magoti, uso unang'aa, akachota chumvi kwa furaha ya miezi yote ile akaimwaga chunguni, akakoroga, akasema kwa sauti ili wageni wasikie, "Mjukuu wangu leo hawezi kutia chumvi, nimemtilia mimi." Nikafungua mdomo nimwambie imeshatiwa, nikaufunga. Nikajaribu kuongeza maji, akanipiga kibao cha mkono. "Unaharibu mchuzi!"

Tukakaa mkekani. Shangazi Benigna, kwa kuwa ndiye mkubwa, akaanza. Alimeza tonge la kwanza, macho yakamtoka, akapaliwa, akaanza kukohoa, na mara wale wawili nao wanakohoa, bibi naye akaonja akatema kwenye kiganja.

"Nani katia chumvi kabla yangu?" akauliza bibi.

Nyumbani tulikuwa wapishi wangapi? Mimi peke yangu. Nikisema ni mimi, basi nimetia chumvi nikiwa mwezini na nimewalisha wageni kikohozi, na ushahidi wanao kooni. Nikisema siko mwezini, basi nimedanganya, na mwenye kudanganya jambo hilo anaficha nini kama si mimba? Nikatazama mlango. Shangazi Benigna alikuwa amekaa mbele yake, na mama yule hakuwa mdogo.

"Ni mimi," nikasema, "lakini hamtaugua. Siko mwezini. Sijaona siku zangu tangu shuleni."

"Yesu na Maria!" bibi akashika kichwa.

"Sina mimba! Muulizeni sista!"

"Tutamuuliza," akasema shangazi Benigna, akasimama na kikohozi chake. "Leo hii. Tangulia."

Basi mimi mbele, wanawake wanne nyuma, Jumapili mchana, barabara nzima mpaka mjini imejaa watu waliotoka kanisani na nguo zao nzuri. Mwenye baiskeli anashuka kuuliza, "Kuna msiba?" Bibi anajibu, "Bado." Tulipofika zahanati tulikuwa na msafara.

Sista akanipeleka nyuma ya pazia, akanipima, akatoka akawaambia, "Hana mimba. Ana njaa ya zamani. Alijinyima chakula mpaka mwili ukafunga mlango. Mashavu yanapona kwanza, ndani kunapona mwisho. Ale, na msimharakishe."

"Alijinyima?" bibi akauliza polepole.

Tulipokaribia nyumbani bibi akasema, "Mchele wangu ulikuwa na kasoro gani?"

"Haukuwa na kasoro, bibi. Ni mimi. Nilikuwa naogopa kula, na sijui kwa nini."

"Ungeniambia. Mimi nimekaa miezi nakuzika kwa aibu, kumbe ulikuwa unakufa kweli." Akalia pale pale njiani, na mimi nikalia, na sikuwa na moshi wa kusingizia.

Shangazi Benigna alikunywa mtungi mzima wa maji, kisha akatoa hukumu. "Uchumba hauvunjiki. Ila harusi itasubiri chumvi." Akavuka mto akaenda kuwasimulia wa ng'ambo, maana siri kwake ilikuwa kama maji kwenye tenga. Nikienda kisimani naulizwa, "Otilia, chumvi bado?" Nawaambia ukweli, wiki ile nilitaka kurudia yale yale, chakula kiligoma kupita kooni, na nilianza kusikia tena ile sauti ya ushindi. Bibi akaacha kunipakulia peke yangu. Akaweka sahani moja katikati, tonge lake, tonge langu, hainuki mpaka nimeinuka mimi. Na kila alipovuka, shangazi Benigna aliniletea samaki wa kukausha, anakaa ananitazama ninavyokula mpaka mkia.

Mvua zikaja, mto ukajaa, ukapungua. Nilishaacha kuwaza, nilishajiambia labda mlango umefungwa kabisa na Kasiani atafute mwingine. Alasiri moja napika matembele, tumbo likaninyonga chini ya kitovu, nikatoka nyuma ya nyumba, nikarudi jikoni.

"Bibi," nikaita, "njoo unitilie chumvi."

Bibi hakuinuka. "Otilia. Kweli?"

"Kweli, bibi."

Akaja, safari hii polepole, na kabla ya kugusa chumvi akachukua mwiko akaonja. Akanitazama, akaonja tena. "Haina," akasema. Tangu siku hiyo sijamdanganya mtu kwa chungu, na ukiniita nikutilie chumvi, naonja kwanza, usinikasirikie. Bibi alitia chumvi ile huku analia, hajui ametia kiasi gani, mboga ikazidi chumvi kuliko ule mchuzi wa shangazi Benigna. Tuliila yote, na mimi nikaomba niongezwe.